Jinsi ya kusomea kwa simu chuoni bila notsi kupotelea kwenye magrupu

Wanachuo wengi simu ndo kompyuta yao na wala si vibaya, shida inaanza pale notsi zote zinapoishi ndani ya grupu la WhatsApp katikati ya stika na hepi bethdei, halafu usiku wa kuamkia tesiti mtu anaskroli juu mpaka kidole kinauma.

Kwa hiyo faili likitumwa tu, lidaunlodi siku hiyohiyo. Ukilichelewesha sana linaweza kugoma kufunguka, unaambiwa mwombe aliyetuma atume tena, na yeye keshalifuta zamani. Kisha libadili jina, andika kozi, wiki na mada, mfano "Takwimu_wiki04_wastani", na hiyo sifuri usiiruke maana kuna simu zinapanga wiki ya 10 kabla ya wiki ya 2. Kila kozi iwe na folda yake, na kopi ikae Google Drive au popote pale mtandaoni, simu zinaibiwa jamani.

Picha za ubaoni nazo zina mambo yake. Zima flashi, inang'aa katikati ya ubao na pale palipong'aa hupasomi tena. Afadhali utumie sehemu ya kuskani (kwenye Drive ipo, kwenye iPhone iko ndani ya Notes), inanyoosha kingo na kurasa zote zinatoka PDF moja. Ukimrushia mwenzako, itume kama dokumenti, usiitume kama picha, kwa sababu WhatsApp inaibana picha, na kipeo cha 3 kilichobanwa kinasomeka 8, sasa hapo hesabu nzima imekwenda na maji.

Kusoma PDF ya safu mbili kwenye kioo kidogo ni mateso, laza simu usome safu moja moja, au jaribu Liquid Mode ya Acrobat Reader, inapanga maandishi upya yaenee kwenye kioo ingawa majedwali wakati mwingine inayavuruga.

Asaimenti ndefu je? Rasimu andika tu kwenye simu, Google Docs inakubali hata bila bando ukiiwasha ofulaini mapema, ila marejeo na kupanga kurasa katafute kompyuta, hata ya kuazima.

Kurudia masomo ndo simu inapong'ara. AnkiDroid, app ya kadi za maswali na majibu za kujikumbushia, ni ya bure (ya iPhone inalipiwa), tengeneza kadi zako mwenyewe, swali moja jibu moja, pitia ukiwa foleni, na notifikesheni za magrupu uzizime kwanza.