Somo: Programu ya seva ijifufue yenyewe, lakini ijue pa kukomea

Wakuu, somo hili ni la mwenye seva ya Linux na programu inayokufa usiku yeye amelala.

Niliwahi kuiweka programu ya duka la mteja ijiwashe kila inapoanguka, nikaenda kulala. Usiku ule hifadhidata ikagoma. Programu ikawa inakufa na kufufuka kila baada ya sekunde 5 mpaka alfajiri, na kila ikifa inamwaga kurasa za logi (kumbukumbu za yaliyotokea). Kulipokucha diski imejaa pomoni, hata hifadhidata yenyewe ikakosa pa kuandika.

Oktoba 2001 Paul Horn wa IBM alitoa wito wa kompyuta zinazojiendesha kama mwili unavyoendesha mapigo ya moyo bila sisi kuwaza. Mwaka 2003 Jeffrey Kephart na David Chess, wa IBM pia, wakaeleza mzunguko wake: kufuatilia, kuchambua, kupanga, kutekeleza, na katikati ujuzi unaotumiwa na hatua zote. Mimi nilikuwa nimeweka kufuatilia na kutekeleza tu. Hakuna aliyekuwa anajiuliza: mbona hii ni mara ya mia?

Hatua ya 1. Anayefufua ni systemd, programu ya Linux inayowasha na kusimamia programu nyingine. Unda faili /etc/systemd/system/duka.service (duka ni jina la programu yetu):

[Unit]
StartLimitIntervalSec=300
StartLimitBurst=5
OnFailure=taarifa.service

[Service]
User=duka
ExecStart=/opt/duka/duka
Restart=on-failure
RestartSec=10

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Hapa tusimame kidogo. Usipoandika mistari ya StartLimit, systemd hutumia kipimo chake: kuwaka mara 5 ndani ya sekunde 10, basi. Ukiweka RestartSec=5 (isubiri sekunde 5 kabla ya kufufuka), ndani ya sekunde 10 programu haiwezi kufikisha mara 5 hata ikitaka. Breki ipo, lakini haishiki kamwe. Ndilo kosa langu lile. Kwa hiyo panua dirisha: kwa sekunde 300, programu inayokufa papo hapo itajaribu kwa muda usiofika dakika moja, kisha itaachwa chini na taarifa.service itaitwa.

Hatua ya 2. Andika taarifa.service. Kazi yake ni moja, kuendesha skripti inayokutumia ujumbe. Weka humo na mistari 20 ya mwisho ya logi (journalctl -u duka -n 20), ili ukiamka ujue pa kuanzia.

Hatua ya 3. sudo systemctl daemon-reload, kisha sudo systemctl enable --now duka.

Hatua ya 4. Iue kwa makusudi, na usiiruke hatua hii: sudo systemctl kill -s SIGKILL duka. Subiri sekunde 10, angalia kama imefufuka, iue tena. Endelea mpaka ikatae kuwaka na ujumbe uingie kwenye simu yako. Kuirudisha: sudo systemctl reset-failed duka, kisha start.

MASWALI

Swali: Mkuu, nikiizima mwenyewe kwa systemctl stop, si itajiwasha tena?
Jibu: Hapana. Ukiizima kwa amri hiyo, systemd inajua ni wewe, inaiacha.

Swali: Yangu haifi, inaganda tu. Status inaonyesha iko hai ila wateja hawapati kitu.
Jibu: Hiyo ndiyo ngumu zaidi, maana kinachofuatiliwa ni uhai, si kazi. Ongeza WatchdogSec=30 na Type=notify, halafu programu yako yenyewe iitumie systemd READY=1 ikishakuwa tayari, kisha WATCHDOG=1 kila sekunde 15. Ikinyamaza kupita 30, systemd inaiua na kuiwasha upya. Ujumbe huo utoke mahali panapofanya kazi yenyewe. Ukiuweka kwenye uzi (thread) wa pembeni, utaendelea kusema "nipo" huku wateja wamekwama.

Swali: Kwa nini nisimpe wakala wa akili unde asome logi na kurekebisha mwenyewe? Nimpe sudo?
Jibu: Kusoma na kupendekeza, mpe. Sudo, yaani mamlaka yote ya seva, usimpe ndugu yangu. Logi zina maneno yaliyoandikwa na watu wa nje: jina la mtumiaji, anwani ya ukurasa aliouomba. Mtu anaweza kupachika humo sentensi ya kumwamuru wakala, naye akaitii akidhani umesema wewe. Mruhusu amri chache unazozitaja moja moja, kwa mfano kuwasha upya duka peke yake, na ile hesabu ya mara 5 ibaki kwa systemd, asikoweza kuigusa.