Somo: Kuendesha rilei nane kwa poti ya printa

Geuza kompyuta kuukuu ya mezani. Nyuma utaona tundu pana lenye vishimo 25, mara nyingi la rangi ya waridi. Hii ndiyo poti ya printa: kompyuta za IBM zilianza kuwa nayo mwaka 1981. Tutaitumia kuendesha rilei, yaani swichi zinazowashwa na kuzimwa kwa umeme. Kwangu mimi hakuna mahali pazuri zaidi pa kuanzia kujifunza umeme wa kompyuta, maana hapa kila biti ina waya wake. Ukiandika 1, volti zinakuja. Ukiandika 0, zinaondoka, na mita inakuonyesha papo hapo.

Vishimo hivyo huitwa pini, na kila kimoja kina namba. Pini 2 hadi 9 ni za data, D0 hadi D7. Pini 18 hadi 25 ni graundi.

Jambo la kushika kabla ya yote: poti hii hutoa ishara, hailishi mzigo. Kila pini hutoa miliampea chache tu. Mimi nilichomeka kimota cha redio ya kaseti moja kwa moja kwenye pini 2. Kilitikisika mara moja, na tangu siku hiyo poti ile haikufanya kazi tena. Ilikuwa kwenye ubao mkuu wenyewe, kwa hiyo hapakuwa na cha kubadilisha.

Hatua ya 1. Kompyuta ikiwa imezimwa, unganisha pini 2 na rizista ya omu 470, kisha mguu mrefu wa LED (kitaa kidogo), na mguu mfupi upeleke pini 25. Kwa volti 5 hapo hupita kama miliampea 6. Kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) weka poti katika hali ya SPP au Normal, yaani hali ya kawaida.

Hatua ya 2. Kwenye Linux andika programu hii:

#include <sys/io.h>
int main(void) {
  if (ioperm(0x378, 3, 1)) return 1;
  outb(1, 0x378);
  return 0;
}

Ikompaili kwa gcc -O2, uiendeshe kama root, yaani msimamizi mkuu wa Linux. 0x378 ndiyo anwani ya kawaida ya LPT1, yaani poti ya kwanza ya printa. LED itawaka na kubaki inawaka hata programu ikiisha, kwa sababu poti hushika namba ya mwisho iliyopewa.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, kwa hiyo twende polepole. Hakuna amri ya "washa ya tatu". Kila mara unaandika pini zote nane kwa pamoja. D0 ina thamani ya 1, D1 ni 2, D2 ni 4, na kuendelea hadi D7 yenye 128. Ukitaka pini ya data ya kwanza na ya tatu, andika 5 (1 + 4). Ukiandika 4 ukidhani unaongeza ya tatu, umeizima ya kwanza. Tunza namba ya sasa ndani ya kigezo kiitwacho hali: kuwasha ya tatu tumia hali | 4, kuzima hali & ~4, kisha tuma hali nzima.

Hatua ya 3. Sasa rilei. Nunua aisii ya ULN2803, chipu yenye swichi nane za kielektroniki zinazobeba mzigo badala ya poti. Pini 2 hadi 9 za poti ziende miguu 1 hadi 8 ya aisii. Mguu 9 uunganishe na graundi ya poti na pia hasi ya adapta ya volti 12. Ukisahau kuziunganisha hizo mbili, hakuna kitakachofanya kazi. Mguu 10 uende chanya ya volti 12. Usiuache wazi: dayodi za ndani hupitia hapo kumeza volti kali inayorudi koili (waya wa sumaku ulio ndani ya rilei) inapozimwa. Miguu 18 kurudi hadi 11 iende kwenye koili, na ncha za pili za koili ziende chanya. Anza kwa kuzitumia rilei kuwasha balbu za volti 12. Umeme wa ukutani uache mpaka saketi iwe ndani ya kasha.

MASWALI

Swali: Shikamoo mwalimu. Laptopu yangu haina tundu hilo. Waya wa USB wa printa utafaa?

Jibu: Marahaba. Hautafaa. Waya ule unajua kuzungumza na printa tu. Hauna anwani ya kuandikia biti. Tafuta kompyuta ya mezani, au kadi ya PCI yenye poti hiyo. Anwani ya kadi haitakuwa 0x378, iangalie kwa lspci -v.

Swali: Fundi, nikiwasha kompyuta rilei zinagonga zenyewe. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, ndugu. Wakati wa kuwaka, BIOS na mfumo huichezea poti. Weka swichi kwenye adapta ya volti 12, uiwashe baada ya programu kutuma 0.

Swali: Naweza kusoma kitufe?

Jibu: Ndiyo, kwa pini 13. Iwekee rizista ya kiloomu 10 kwenda volti 5, na kitufe kwenda graundi. Poti haina pini ya volti 5, zichukue kwenye USB ya kompyuta hiyohiyo. Pini za kusoma zina anwani yake, 0x379. Soma inb(0x379) & 16: kitufe kikibonyezwa unapata 0. Ukihamia pini 11, kumbuka biti yake husomeka kinyume.