Kutafuta sehemu iliyobonyea kwenye bomba la majitaka kwa kamera

Choo kinachoziba tena wiki chache baada ya kuzibuliwa huenda kina bomba lililobonyea, yaani kipande chake kimeshuka na kufanya bonde ambamo maji hutuama. Maeneo ya Dodoma yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, udongo huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Bomba lisilolazwa juu ya mchanga ulioshindiliwa hukosa egemeo.

Zibua na safisha bomba kwanza. Usiruke hatua hii: uchafu ulioziba mbele huzuia maji nyuma yake, na kwenye skrini utadhani ni bonde. Kisha mimina ndoo mbili za maji, funga koki zote za maji za nyumba, subiri dakika kumi.

Ingiza kamera kupitia chemba iliyo karibu na nyumba, ukiisukuma taratibu kuelekea upande wa mteremko. Bomba lisilo na bonde hubaki na unyevu tu. Kwenye bonde lenzi huzama polepole, picha inakuwa na ukungu wa kahawia, halafu inaibuka. Andika mita ilipozama na ilipoibuka, kisha irudishe kamera nyuma uhakikishe. Maji ya sentimita moja kwenye bomba la inchi 4 yanavumilika. Yakifika nusu ya bomba, panga kuchimba.

Tia alama juu ya ardhi kwa kitafuta-mawimbi cha kamera (kifaa kinachonasa mawimbi ya kichwa cha kamera kikiwa chini ya ardhi), au kwa futi kamba kutoka kwenye chemba ikiwa bomba limenyooka. Fukua kipande hicho tu, shindilia mchanga sentimita 10, laza bomba kwa mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita. Pitisha kamera tena kabla ya kufukia.