Kugawana kicheko: somo kwa wanaoandaa mchezo mpya wa kuchekesha

Salaam wanachama. Wengi mmeniomba niandike kuhusu ugomvi wa nyuma ya pazia, na leo nimepata nafasi. Nimekuwa msimamizi wa jukwaa hapa Kampala kwa miaka 11. Kazi yangu ni kutunza skripti, kuwaita waigizaji zamu zao zinapofika, kumpa ishara mtu wa taa na mtu wa muziki, na kuhakikisha kila kinachoshikwa jukwaani kipo mahali pake. Kwa hiyo ugomvi mwingi hupita mbele yangu kabla ya kumfikia mtu mwingine.

Nimeona makundi mawili yakisambaratika juma lile lile la onyesho. Nje ilisemwa ni pesa. Mimi nilikuwepo, na nasema ilikuwa kicheko. Katika mchezo wa huzuni, mwigizaji hajui amependwa kiasi gani mpaka watu wapige makofi mwishoni. Katika mchezo wa kuchekesha anajua papo hapo, kwa masikio yake, na mwenzake aliyesimama kando naye anasikia. Aliyechekewa anarudi nyuma ya pazia amejaa furaha. Asiyechekewa anarudi kimya, anavua kofia, na ukimsemesha jambo dogo tu anawaka. Mchezo ukiwa mpya ndiyo balaa zaidi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuona, hakuna anayejua watu watacheka wapi, na kila mmoja ana hakika watacheka kwake.

Hatua hizi ndizo tunazozifuata kwetu.

Hatua ya 1: Someni skripti pamoja kabla mtu hajakariri hata mstari mmoja

Kiswahili chetu Uganda kimetoka pande nyingi. Kipo cha kambi za jeshi, kipo cha wenzetu waliokuja kutoka Goma na Bukavu, kipo cha wafanyabiashara waliozoea Nairobi, na sasa kinakuja cha darasani. Katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kiwe somo la lazima shuleni. Hao wote wanakaa ukumbi mmoja, na neno moja linaweza kuwachekesha nusu yao na kuwaacha wengine wakitazamana.

Mwandishi wetu ni mwalimu, na Kiswahili chake ni cha vitabuni. Katikati ya mchezo aliweka tukio la huzuni: kijana anamwomba mwenye nyumba asimtoe chumbani. Anasema, "Nionee huruma, naishi na bibi yangu, ana miaka 82, haoni vizuri." Siku ya kusoma, chumba kizima kililipuka. Mwenzetu aliyekulia Goma alicheka mpaka akakaa sakafuni. Binti aliyelelewa kwenye kambi ya jeshi ya Mbuya naye alikuwa anafuta machozi. Kwao bibi ni mke. Mwandishi alisimama, akakunja karatasi zake, akasema tunamdharau.

Mwongozaji hakubishana naye. Aliagiza chai, tukakaa. Chai ilipofika mwandishi akauliza kwa sauti ya chini, "Na watazamaji watacheka hapo?" Tukamwambia ukweli: nusu yao. Binti wa Mbuya akasema, "Basi mwenye nyumba naye aelewe vibaya." Mwenzetu wa Goma akampa mwenye nyumba jibu: "Miaka 82! Kijana, ulimwoa lini?" Mwandishi akakaa kimya kitambo, kisha akaandika jibu la kijana: "Ndiye aliyemzaa mama yangu. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyeninyonyesha kwa chupa." Aliposoma mstari huo hakuna aliyecheka tena. Huzuni aliyoitaka ilikuja nzito kuliko mwanzo, kwa sababu watu walikuwa wametoka kucheka.

Mistari hiyo mitatu ina jasho la watu wanne. Ningependa kila kikundi kianze kazi yake na siku kama ile.

Hatua ya 2: Andikeni nani ana neno la mwisho, na lini

Fanyeni hivi siku ya pili ya mazoezi, kwa karatasi, na kila mtu atie sahihi. Maneno ni ya mwandishi. Namna ya kuyasema na mahali pa kusimama ni ya mwongozaji. Kuanzia mlango wa ukumbi unapofunguliwa usiku wa onyesho mpaka mtazamaji wa mwisho atoke, msimamizi wa jukwaa ndiye mwenye amri, hata juu ya mwongozaji. Hili la mwisho waongozaji wengi hulikataa. Lishikilieni. Mwongozaji akiingia nyuma ya pazia katikati ya onyesho kumkosoa mwigizaji, anamwaga sumu kwenye tukio linalofuata.

Masahihisho ya mwigizaji yatoke kinywani mwa mwongozaji peke yake. Mwigizaji asimsahihishe mwigizaji mwenzake, hata kama ana haki. Akiona kosa amwambie mwongozaji au mimi.

Hatua ya 3: Fungueni daftari la vicheko

Kila kicheko kina mtegaji na mfyatuaji. Mtegaji anauliza swali kwa uso mkavu, mfyatuaji anatoa jibu, watu wanacheka. Sifa zote huenda kwa mfyatuaji, ilhali mtego usipotegwa vizuri hakuna kinachofyatuka. Kwenye daftari langu kila kicheko tunachokitarajia kina nambari, jina la mtegaji na jina la mfyatuaji. Tukimaliza mazoezi nayasoma kwa sauti, na jina la mtegaji hutangulia. Ni jambo dogo, lakini limetuliza mioyo ya watu wengi.

Daftari linasaidia pia kutafuta kosa bila kumtafuta mtu. Tulikuwa na tukio la dada wawili mezani. Mkubwa anasema mstari wa kuchekesha, mdogo anamimina chai. Mazoezini watu walicheka kila siku. Tulipoalika wageni 20 kutazama, kimya. Mkubwa akasema mdogo wake anamwibia kicheko makusudi, na siku mbili hawakusalimiana. Nikakaa pembeni na kalamu, nikawaomba warudie polepole. Mdogo alikuwa anaweka birika mezani wakati ule ule mwenzake anatamka neno la mwisho. Birika la bati, meza ya mbao. Macho ya watu yalikwenda kwenye birika, na masikio yakafuata macho. Tukamwomba aliweke neno moja kabla, kisha atulie kabisa. Kicheko kikarudi siku hiyo hiyo, na mkubwa akamwomba mdogo radhi mbele yetu sote.

Fundisheni jambo hili mapema: mwenzako anapofyatua, wewe simama kama mti. Na kicheko kikija, msiseme juu yake. Kisubirini kipande juu, kifike kileleni, kianze kushuka, ndipo mstari unaofuata uingie kabla hakijafa. Mnaokimbiza maneno mnawafundisha watazamaji wasicheke, kwa kuwa wanaogopa kukosa kinachofuata.

Hatua ya 4: Fungeni skripti siku 7 kabla

Baada ya hapo hakuna neno jipya. Mwenye wazo zuri aliandike, alilete kabla ya mazoezi, na yule atakayesimama naye kwenye tukio hilo akubali. Akikataa, basi, limeisha. Mwigizaji anayeshtukizwa jukwaani hupoteza mahali alipokuwa, na mtu wa taa anayesubiri neno fulani hubaki na mkono hewani.

Hatua ya 5: Meza ya vifaa

Tandikeni karatasi nyeupe mezani, mchore umbo la kila kifaa na kuandika jina lake. Nafasi ikiwa tupu, kifaa hakijarudi. Asiyehusika asiguse. Hilo tu.

Hatua ya 6: Usiku wenyewe

Naita nusu saa kabla, dakika 15 kabla, dakika 5 kabla, na kila anayeitwa lazima ajibu. Asiyejibu nahesabu hajasikia. Taa mbili za betri ziwe nyuma ya pazia, na mtu wa jenereta ajulikane kwa jina na awe amekula. Umeme ukikatika, waigizaji hubaki pale walipo, wanasema kidogo na kusubiri. Kugombana gizani ni marufuku. Malalamiko yote yanasubiri kesho yake saa kumi, baada ya watu kulala.

Niseme na hili. Nikipita nyuma ya jukwaa la ukumbi wa taifa pale Kampala, uliofunguliwa mwaka 1959, namkumbuka Byron Kawadwa. Aliusimamia ukumbi ule kisanaa, na mwaka 1977, wakati wa Amin, aliuawa. Watu wa sanaa ya jukwaa nchini hapa wamewahi kufanya kazi huku kifo kikiwa mlangoni. Sisi tunaonuniana kwa sababu ya birika la chai tuna wajibu wa kupatana haraka.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama wa Jinja:* Dada, sisi tuna mwigizaji mmoja ambaye watu huja kwa ajili yake. Kila usiku anaongeza maneno yake, ukumbi unacheka, lakini mchezo umerefuka kwa dakika 25 na mwandishi anatishia kuuondoa. Tufanye nini?

*Jibu:* Kaka, msimvunje mbele ya watu. Rekodini onyesho moja kwa simu, kisha mwandishi na yeye wakae wasikilize pamoja. Vinavyopeleka hadithi mbele viingie kwenye skripti, na jina lake litajwe kwenye tangazo. Vingine vitoke. Kisha mpeni mahali pamoja, pamoja tu, pa kubuni apendavyo, na dakika 2 zenye mwisho unaojulikana: akigusa kofia, wenzake wanajua amemaliza. Kwetu hili lilifaulu. Anayenyimwa kila kitu huiba, lakini akipewa kiwanja chake hulinda mpaka.

*Mwanachama wa Arua:* Hayo maneno yaliyoongezwa na waigizaji ni mali ya nani? Kwetu limeleta maneno makali.

*Jibu:* Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda kazi za sanaa, mchezo wa kuigiza ukiwemo, ila kazi iwe ya mtu mwenyewe na iwe imewekwa kwenye umbo linaloshikika, kama maandishi au rekodi. Wazo tupu halilindwi. Kwa hiyo mzaha uliosemwa mazoezini na usioandikwa ni vigumu sana kuudai baadaye. Ndiyo maana mimi huandika tarehe pembeni ya kila mstari mpya na jina la aliyeuleta. Kubalianeni kabla ya onyesho la kwanza kama mtakuwa waandishi wenza au mwandishi ni mmoja na wengine mtatajwa kwa shukrani, muweke sahihi. Skripti ikikamilika, isajilini URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Pesa zikishaingia, mazungumzo haya huwa magumu mara kumi.

*Mwanachama wa Mutukula:* Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwongozaji, nina miaka 24. Mwigizaji wangu mkuu ni mzee wa rika la baba yangu, na haniiti mwongozaji, ananiita mwanangu. Nikimsahihisha anacheka tu, halafu anafanya vile vile.

*Jibu:* Marahaba mwanangu, na unaona hata mimi nimekuita hivyo! Usipigane na neno hilo, ni heshima. Kilicho kibaya ni kumsahihisha mbele ya vijana. Nenda kwake kabla ya mazoezi, umsalimie, uulize hali ya nyumbani, kisha useme, "Mzee, hapa kwenye tukio la tatu watu hawacheki nami sijui kwa nini. Naomba tulijaribu kwa namna mbili tofauti." Mwache achague baada ya kuzisikia zote mbili. Wazee wengi waliozoea jukwaa wana masikio makali. Wanachokataa ni kuamriwa.

*Mwanachama wa Mbarara:* Kwetu mwandishi ni mke na mwongozaji ni mume. Ugomvi wa nyumbani unaingia mazoezini, wa mazoezini unarudi nyumbani.

*Jibu:* Mazoezini waitane kwa kazi zao. Na wapeni mtu wa tatu wa kupitishia mabadiliko ya maneno. Nimewahi kuwa huyo mtu wa tatu. Mke alinipa karatasi, nikampa mume, akanirudishia na alama zake. Ilichukua muda, lakini mchezo ulifika jukwaani.

*Mwanachama wa Kampala, Kisenyi:* Mama, usiku wetu wa kwanza watu hawakucheka kabisa. Nyuma ya pazia kila mtu akamlaumu mwenzake, na mmoja ameshasema harudi. Tuna maonyesho mawili bado.

*Jibu:* Pole sana mwanangu. Kabla hamjabadilisha neno hata moja, niambie, walikuja watu wangapi na walikaa wapi? Kama walikuja 40 kwenye ukumbi wa viti 200 na kila mmoja akajichagulia kona yake, kosa si la waigizaji. Mtu aliyezungukwa na viti vitupu huona haya kucheka peke yake. Kesho fungeni safu za nyuma kwa kamba, vijana wa mlangoni wawakalishe wote mbele katikati, bega kwa bega. Huyo aliyesema harudi, mfuateni leo hii kwake wawili, mwongozaji na yule aliyegombana naye, kabla giza halijaingia. Mwambieni kuhusu viti.