Kumtambua mbu mzee kwa mwanga na kompyuta: anzia kwenye kizimba

Vijana wengi wanaonifuata wakitaka kujifunza akili mnemba kwa ajili ya kazi ya malaria huja na swali moja: nitumie programu gani? Huwa nawatajia programu palepale, kisha nawapeleka kwenye chumba cha kufugia mbu, na huko ndiko siku inakoishia. Mimi ni mtu wa maabara ya wadudu katika bonde la Kilombero, Tanzania. Kazi yangu ni kumpima mbu kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na kuiuliza kompyuta huyu ni wa aina gani na ana umri gani. Nimeona modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazojifunza kwa mifano, zilizong'ara kwenye mafunzo zikababaika mara tu zilipoletewa mbu wa kijijini, na karibu kila mara kasoro ilikuwa imeingia kabla mtu hajawasha kompyuta. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa muda mrefu kwenye vizimba na silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, na unaipita haraka hesabu ambayo wengi wanaisubiri kwa hamu.

Kwanza, kwa nini umri. Anopheles jike, mbu anayeeneza malaria, akinyonya damu yenye vimelea vya malaria, hawezi kumwambukiza mtu usiku uleule. Vimelea vinahitaji siku kama 10 hadi 14, kutegemea joto, vikomae na kufika kwenye tezi zake za mate. Mbu wengi hufa kabla ya hapo. Anayetuambukiza, basi, ni mbu mzee. Vyandarua vyenye dawa vikifanya kazi kijijini, wazee ndio wanaoanza kupotea, hata kama kelele za mbu usiku ni zilezile. Anayejua umri wa mbu wa kijiji anaweza kusema kama kinga inafanya kazi, tena mapema kuliko daftari la zahanati.

Njia ya zamani ni kumpasua mbu chini ya hadubini na kutazama mirija midogo ya hewa kwenye ovari. Ikiwa bado imejikunja, hajawahi kutaga. Ikiwa imenyooka, ametaga. Inataka mkono mtulivu na macho makali, na jibu lake halivuki hapo: ametaga au hajataga. Kwa upande wa aina, Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawatofautishwi kwa macho hata na fundi mzoefu. Ni lazima PCR, kipimo cha vinasaba, na PCR inakula kemikali na fedha kwa kila mbu.

Mwanga unatusaidia kwa sababu gamba la mbu ni kitini (kile kitu kigumu cha gamba la wadudu), protini na nta, na vitu hivyo hubadilika kadiri anavyozeeka. Kila kimoja hunyonya mwanga mahali pake. Mashine inakuchorea mstari wenye milima na mabonde, kuanzia mawimbi ya mwanga 4,000 hadi 400 kwa sentimita. Huo ndio tunauita spektra. Protini huonekana karibu na 1,650 na 1,540, mafuta na nta karibu na 2,920 na 2,850. Jicho la mtu haliwezi kusoma umri kwenye mstari huo. Kompyuta iliyooneshwa mifano ya kutosha inaweza. Watafiti wa Ifakara Health Institute, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow na wa Burkina Faso, walichapisha mwaka 2022 kazi iliyotumia mbu zaidi ya 40,000, wakafikia usahihi wa hadi asilimia 95 katika kutambua aina na umri. Watu hushangilia ile 95. Mimi nakuomba uitazame ile 40,000, kwa sababu mbu wale walitoka katika mazingira tofauti na vinasaba tofauti. Nguvu ya modeli ile ilitoka hapo.

Kizimbani

Tuseme unataka kutenganisha mbu wa siku 3 na mbu wa siku 15. Njia rahisi ni kuwa na kizimba kimoja cha wachanga na kingine cha wazee. Usiifuate. Modeli haijui kwamba wewe unauliza umri. Inatafuta tofauti yoyote, na tofauti kati ya vizimba viwili ni nyingi: wingi wa viluwiluwi kwenye beseni, chakula walicholishwa, joto la rafu ya juu na ya chini, siku walizonyonya damu. Viluwiluwi waliosongamana hutoa mbu wadogo. Kama wazee wako wote walitoka beseni lililosongamana, umeifundisha mashine kutambua mbu mdogo na ukaupa udogo jina la uzee.

Fanya hivi. Lea mbu kwa awamu, kila awamu ikipishana na nyingine kwa wiki moja au zaidi, na katika kila awamu toa mbu wa kila umri kutoka vizimba vilevile. Awamu tatu ni za kuanzia. Tano zinanipa usingizi. Mbu wote wapate sukari ileile, na kama wazee wamenyonya damu, wachanga nao wawe na kundi lililonyonya. Ngoja damu imeng'enywe kabla ya kupima, na wakati wa kupima kata tumbo, utumie kichwa na kifua tu. Damu na mayai yaliyomo tumboni yana spektra zao zenye sauti kubwa, nazo zitafunika kile unachotafuta.

Fungua daftari, na kila mbu awe na namba. Andika tarehe aliyotoka kwenye pupa akawa mbu kamili, awamu, kizimba, lini alinyonya damu, lini aliuawa, lini aliingia kwenye silika jeli, lini alipimwa na nani alimpima. Jina la mpimaji nalo liandikwe. Mkono wa mtu hugandamiza kwa namna yake, na itafika siku utalihitaji jina hilo.

Ukianza kukusanya mbu kwenye nyumba za watu, kibali cha utafiti kiwe mkononi, na mwenye nyumba aelezwe na kuridhia kabla mtego haujatundikwa.

Ukavu

Hapa nitakaa, maana ndipo kazi nyingi huharibikia. Maji hunyonya mwanga karibu na 1,640. Protini muhimu ya mbu iko 1,650. Vimekaa mahali pamoja! Mbu asiyekauka vizuri anakuja na maji yake juu ya protini, na mashine haitakuonya. Kama wachanga walikaushwa siku tatu na wazee siku moja, modeli itasoma ukavu na itapata alama nzuri sana.

Ua mbu kwa klorofomu, ukiwa na glavu na hewa inayopita. Mweke kwenye kichupa chenye silika jeli chini na tabaka la pamba juu yake, ili mbu asiguse chembe. Funga kabisa. Mimi huwaacha siku tatu, wote sawasawa, kisha napima. Tazama rangi ya silika: ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba maji, na ya bluu hugeuka waridi. Wakati wa masika hapa kwetu inashiba upesi, kwa hiyo silika iliyotosha Agosti haitoshi Aprili. Spektra ikitoka, angalia eneo la karibu na 3,300. Kama mlima wake umevimba kupita wa wenzake, mrudishe huyo mbu kwenye kichupa.

Kwenye mashine, futa kioo cha almasi kwa ethanoli, acha kikauke, chukua kwanza kipimo cha hewa tupu, kisha laza mbu na umgandamize kwa nguvu ileile kila mara. Usimwinamie. Karibu na 2,350 kuna alama ya kaboni dayoksaidi, na pumzi yako inaonekana pale waziwazi. Eneo hilo mimi hulikata lote kabla ya hesabu. Changanya mpangilio pia: usipime wachanga asubuhi na wazee mchana. Chukua namba bila mpangilio, ili unyevu wa hewa wa siku hiyo uwaguse wote.

Kompyutani

Tumia lugha ya programu ya Python na maktaba yake ya scikit-learn. Ni bure, na zinafanya kazi kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Anza na rigresheni ya lojistiki, hesabu rahisi ya kutenganisha makundi mawili. Mitandao ya neva ije baadaye, ukiwa na maelfu ya mbu. Weka vipimo vyote kwenye kiwango kimoja, lakini wastani wa kusawazishia uhesabiwe kwa mbu wa mafunzo peke yao. Ukiwahesabu na wa mtihani, umeshavujisha jibu.

Sasa jambo ambalo nisingependa ulisome haraka. Mafunzo mengi ya mtandaoni yatakwambia uchanganye data yote na kutenga asilimia 20 kwa bahati nasibu iwe ya mtihani. Kwa mbu, hilo linakudanganya. Ndugu waliolelewa kizimba kimoja na kukaushwa kichupa kimoja watakuwa pande zote mbili, na modeli itawatambua kwa ukoo wao. Tenga awamu nzima. Fundisha kwa awamu ya kwanza, ya pili na ya tatu, pima kwa ya nne ambayo modeli haijawahi kuiona hata mbu mmoja, kisha zungusha mpaka kila awamu imekuwa mtihani. Kwenye scikit-learn kuna GroupKFold na LeaveOneGroupOut za kukufanyia hivyo. Zipe namba ya awamu ya kila mbu kutoka kwenye daftari lako. Alama zitashuka. Zipokee hivyo zilivyo, hizo ndizo alama zako.

Kisha ifanyie modeli jaribio la pili, ambalo mimi siliruki kamwe. Chukua mbu wa umri mmoja tu, wote wa siku 3, na uiulize kompyuta: huyu alipimwa tarehe gani? Alipimwa na nani? Ikijibu vizuri, ndani ya spektra zako kuna alama ya siku au ya mpimaji, na sasa unajua ni kitu gani cha kwenda kukirekebisha maabara. Hapo daftari linakulipa.

Usitosheke na usahihi wa jumla. Ikiwa mbu tisa kati ya kumi ni wachanga, modeli inayosema "mchanga" kila mara inapata asilimia 90 bila kujua chochote. Dai kujua kila kundi peke yake: kati ya wazee wa kweli imewakamata wangapi, na kati ya wachanga imewasingizia uzee wangapi.

Mbu wa kijijini

Mbu aliyekamatwa porini hana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo umri wake huujui. Njia ninayoiamini ni kukamata majike walioshiba damu majumbani, kuwaacha watage, na kuwalea watoto wao katika hali ya hewa ya palepale, nje ya chumba chenye joto la kudhibitiwa. Watoto hao wana vinasaba vya kijiji na umri unaoujua. Pima modeli yako kwao kabla ya kuipeleka popote. Ikiyumba, usiitupe: ongeza sehemu ndogo ya mbu hao kwenye mafunzo, ufundishe upya, na upime kwa waliobaki. Kwa upande wa aina, peleka sehemu ya mbu wa mtegoni kwenye PCR ili uwe na jibu la kulinganisha. Hapa Kilombero kumbuka Anopheles funestus pia. Ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi, na modeli iliyofundishwa kwa gambiae na arabiensis haina jina la kumpa. Italazimisha mojawapo ya majina inayoyajua. Mtenge mapema kwa hadubini, maana yeye na ndugu zake wanatofautishika kwa macho na kundi la gambiae.

Imebaki hesabu ya ripoti. Tuseme umekamata mbu 1,000, na kwa kweli wazee ni 100. Modeli yako inawakamata wazee 80 kati ya kila 100, na inawasingizia uzee wachanga 10 kati ya kila 100. Itakuletea wazee 80 wa kweli na 90 wa kusingiziwa, jumla 170. Ukiandika asilimia 17 kwenye ripoti ya wilaya, utakuwa umewaongezea wazee ambao hawapo, na mtu anaweza kuamua kwamba vyandarua vimeshindwa. Sahihisha hivi: chukua 0.17, toa kiwango cha kusingizia 0.10, unabaki na 0.07. Gawanya kwa 0.80 kutoa 0.10, yaani 0.70. Unapata 0.10, asilimia 10, ambayo ndiyo kweli yenyewe. Hesabu hiyo inafaa tu kama 0.80 na 0.10 ulizipata kwa awamu ambazo modeli haikuziona. Ukitumia za mafunzo, unasahihisha kwa kosa lingine.

Hifadhi spektra ghafi zote pamoja na daftari lililopigwa picha, na kila msimu ukibadilika, lea awamu moja mpya ya watoto wa mbu wa kijijini na uipitishe kwenye modeli ileile bila kuifundisha upya. Alama za awamu hiyo ziandikwe kwenye ripoti pembeni ya idadi ya wazee, kwenye ukurasa uleule, ili afisa wa malaria wa wilaya azione zote mbili kwa pamoja anapoamua nyumba zipi zipuliziwe dawa.