Somo: Kijana Ashike Mizani Kabla ya Kushika Ufagio

Kamati nyingi za kanivali huwakumbuka vijana mara mbili tu: siku ya gwaride ili wacheze, na kesho yake ili wazoe taka. Hata hivyo, sehemu kubwa ya taka hizo huwa imekwisha kuamuliwa miezi kadhaa nyuma, pale mavazi yanapobuniwa na wauza vyakula wanapopewa masharti, na kijana asiyekuwapo wakati huo hubaki kuchagua rangi ya glavu zake. Hatua nne zifuatazo zinamwingiza kijana katika kazi ya kupunguza taka za kanivali tangu mwanzo.

Hatua ya kwanza: wapeni kura na fungu la fedha. Vijana wasiopungua wawili waingie katika kamati wakiwa na haki ya kupiga kura, nao wakabidhiwe sehemu ya bajeti ambayo wataisimamia na kuitolea hesabu wenyewe. Vikao visipangwe saa za masomo.

Hatua ya pili: pimeni. Vijana wachague eneo moja la kanivali, wachambue taka zake kwa mafungu (vikombe na sahani, chupa, mabaki ya chakula, mapambo), kisha waandike idadi na uzito wa kila fungu. Vyote viwili vinahitajika, kwa maana chupa tupu za plastiki hujaza macho lakini hazielemei mizani, ilhali mabaki ya chakula ni kinyume chake. Waandike pia lita za mafuta zilizotumiwa na jenereta za magari ya muziki.

Hatua ya tatu: anzeni na mavazi. Hapa ndipo vijana wenye ubunifu huwashinda wazee wao, mimi nikiwamo. Glita ya kawaida, yaani unga wa kumetameta wa mapambo, ni chembe za plastiki ambazo zikishamwagika barabarani hazizoleki, na mvua huzisomba hadi mitoni. Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia uuzaji wa baadhi ya aina zake mwezi Oktoba 2023. Rangi na vipande vya vitambaa chakavu vyaweza kuchukua nafasi yake. Fremu zitengenezwe kwa fito au mianzi, zivishwe karatasi kuukuu zilizobandikwa kwa gundi ya unga wa ngano, na viungo vyake vifungwe kwa kamba au skrubu, kwa sababu kilichogandishwa kwa gundi ya moto hakifumuki bila kuharibika. Vazi linalofumuka ni ghala la vifaa vya mwaka unaofuata.

Hatua ya nne: siku yenyewe. Vinywaji viuzwe katika vikombe imara vya kurudishwa, mnunuzi akiweka amana na kurejeshewa akirudisha kikombe. Mapipa ya kila aina yakae pamoja, na kijana asimame hapo kwa zamu fupi akielekeza watu, maana pipa lisilo na mtu huchanganywa upesi hata likiwa na maandishi makubwa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, je, sahani zilizoandikwa kwamba zinaoza hazitoshi?
Jibu: Ulizeni kwanza zitaozea wapi. Plastiki ya PLA, ambayo hutokana na wanga wa mimea, huhitaji mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 60 hivi. Ikitupwa mtaroni, hukaa muda mrefu kama plastiki nyingine.

Swali: Vijana wetu huja kikao cha kwanza kisha hutoweka. Tufanyeje?
Jibu: Tazameni kumbukumbu za kikao hicho muone pendekezo lao liliishia wapi. Aghalabu liliahirishwa. Wapeni jambo moja ambalo uamuzi wake utatekelezwa ndani ya mwezi mmoja.

Swali: Binti yangu ana miaka 10. Anaweza kushiriki kupima taka?
Jibu: Awe mwandishi wa takwimu, asiziguse taka. Vioo na sindano viachiwe watu wazima waliofunzwa, na ridhaa ya mzazi ipatikane kwa maandishi.

Swali: Wapiga muziki hawataki kusikia habari ya kupunguza jenereta.
Jibu: Msiwaambie wapunguze sauti. Vijana waorodheshe wati za kila kifaa cha kila gari la muziki, kwa kuwa jenereta kubwa inayobeba mzigo mdogo huchoma mafuta mengi kwa umeme kidogo. Orodha hiyo ikionyesha kwamba jenereta ndogo inatosha, na taa zikibadilishwa kuwa za LED, mazungumzo yatakuwa ya gharama za mafuta, na hapo wapiga muziki husikiliza.