Kusafisha Chumba cha Injini Bila Kuharibu Umeme wa Gari

Katika vituo vingi vya kuoshea magari Dar es Salaam, mteja akiomba aoshewe injini, boneti hufunguliwa, mafuta ya taa hunyunyizwa juu ya injini ambayo bado ni ya moto, kisha mashine ya presha huelekezwa humo mpaka uchafu wote uondoke. Injini hung'aa kweli, lakini mara nyingi kesho yake gari linamisi, yaani injini inatetemeka na kukatakata, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, na fundi anaanza kutafuta ubovu ambao juzi haukuwapo. Kazi hii inaweza kufanywa nyumbani kwa usalama kabisa, mradi mwenye gari akubali kwamba uchafu huondolewa kwa brashi, sabuni na kitambaa, na kwamba maji ni ya kusuuzia tu.

Kabla ya kuosha, angalia. Uchafu wa injini hueleza mambo mengi, na ukishauosha umefuta ushahidi. Oili iliyochanganyika na vumbi kuzunguka ukingo wa kava la juu la injini kwa kawaida huonyesha kwamba gasketi yake, yaani kizibo chembamba kinachozuia oili isivuje kwenye maungio, imechoka. Ukoko wa rangi ya waridi, kijani au mweupe kwenye maungio ya mipira ya rejeta huonyesha kwamba maji ya kupozea yanavuja polepole. Piga picha kwa simu sehemu hizo zote. Ikiwa unachokiona ni vumbi kavu tu, kama linavyojaa kwenye magari yanayopita barabara za vumbi wakati wa kiangazi, nionavyo mimi huna sababu ya kutumia maji hata kidogo: brashi laini na upepo wa kompresa kwa fundi wa matairi vinatosha.

Egesha gari kivulini, zima injini, na uiache ipoe mpaka uweze kuweka kiganja juu yake bila shida. Maji ya kupozea ya injini inayofanya kazi hufikia takriban nyuzi joto 90, na mkono wa ekzosi, yaani bomba linalopokea moshi kutoka kwenye injini, hufikia nyuzi mamia kadhaa. Maji baridi yakiangukia chuma chenye joto la namna hiyo yanaweza kukipasua, na mvuke wake huunguza uso wa aliyeinama. Usifungue kifuniko cha rejeta wakati wa kazi hii. Kumbuka pia kwamba feni ya umeme katika baadhi ya magari huweza kuzunguka yenyewe hata baada ya injini kuzimwa, ndiyo maana betri inapaswa kufunguliwa kwanza. Kwa magari mengi ya Kijapani spana namba 10 inatosha. Anza na waya wa hasi, kwa sababu ukianza na wa chanya na spana ikagusa bodi, umeme wote wa betri utapita kwenye spana hiyo. Redio itapoteza vituo ilivyovihifadhi. Kama ni ya aina inayodai namba ya siri, hakikisha unayo kabla ya kufungua.

Magari ya haibridi, yaani yanayotumia petroli pamoja na umeme, kama Toyota Prius na Aqua, yana nyaya nene za rangi ya chungwa zinazopitisha umeme wa volti mia kadhaa. Hapo usimwage maji wala usinyunyize sabuni, na kufungua betri ndogo hakukupi ruhusa ya kuzigusa nyaya hizo. Pangusa plastiki zilizo juu kwa kitambaa chenye unyevu, na kazi iliyobaki mwachie fundi aliyesomea magari hayo.

Sasa funika vifaa vya umeme na njia za hewa. Alteneta (jenereta inayochaji betri), kisanduku cha fyuzi, mdomo wa chujio la hewa na kompyuta ya injini, kama imewekwa chini ya boneti, vyote vivishwe nailoni na kukazwa kwa mpira wa manati au utepe wa karatasi wenye gundi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania kuanzia tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vya mikate na vyakula vingine vilivyobaki jikoni vinafaa vizuri kwa kazi hii. Hakikisha dipstiki (kijiti cha kupimia oili) na kifuniko cha oili vimekaa sawasawa.

Sehemu inayohitaji uangalifu kuliko zote ni koili za plagi, yaani vifaa vinavyozipa plagi umeme wa kutoa cheche. Katika injini ya 1NZ-FE, ambayo imo katika Vitz, IST na Corolla nyingi zinazotembea mijini kwetu, koili nne zimepangwa mstari mmoja juu ya injini, na kila moja imeingia kwenye shimo refu lenye plagi chini yake. Mpira wa koili huziba mdomo wa shimo, lakini mpira wa gari lenye umri wa miaka 15 au 20 huwa umekakamaa, na maji yakisukumwa kwa nguvu hupenya. Yakishaingia hayana pa kutokea. Cheche ambayo ingeruka kwenye ncha ya plagi hupitia kwenye maji na kupotelea kwenye chuma, silinda ile haichomi petroli yake, na ndipo dereva anaposikia injini ikitetemeka. Kwa hiyo funika safu yote ya koili kwa nailoni, na eneo hilo lisafishwe kwa kitambaa kilichokamuliwa.

Anza kwa uchafu mkavu. Ondoa majani yaliyojikusanya chini ya kioo cha mbele, kwa sababu majani ya mwarobaini na ya mwembe huziba matundu ya kutolea maji ya mvua. Ukikuta manyoya, vipande vya nguo au mabaki ya chakula, ujue panya wamehamia humo, na kagua nyaya zote zilizo karibu kabla ya kuendelea. Oili nzito ikwangue kwa kipande cha mbao na kuifuta kwa matambara.

Sabuni inayofaa ni ile ya kuondoa grisi inayochanganywa na maji. Kwa uchafu mwepesi hata sabuni ya kuoshea vyombo inatosha. Epuka sabuni kali zenye kostiki soda, kwani hula alumini na kuiacha na mabaka meusi. Petroli isitumike kamwe: mvuke wake unaweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na cheche moja ya betri inatosha kuteketeza gari na aliye karibu nalo. Mafuta ya taa hayawaki kwa wepesi huo, lakini mvuke wake huanza kuwa hatari kwenye takriban nyuzi joto 40, ambazo injini iliyozimwa punde huzizidi kwa mbali. Isitoshe, hulainisha na kuvimbisha mipira ya rejeta, ambayo haikutengenezwa kuvumilia mafuta. Wanaoyatumia husema yanasafisha haraka, na ni kweli, ila gharama yake huja baadaye.

Vaa glavu, paka sabuni kuanzia chini kwenda juu, iache dakika tano bila kuiruhusu ikauke, kisha sugua kwa brashi. Mswaki wa zamani hufika kwenye pembe ambazo brashi kubwa haifiki. Ukoko mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri uondoe kwa bekingi soda iliyokorogwa na maji kidogo. Utaona povu likipanda, kwa kuwa soda inazimua asidi. Usiruhusu mchanganyiko huo uingie ndani ya betri, na kinga macho yako.

Suuza kutoka juu kwenda chini kwa sponji na ndoo, au kwa bomba la mkono lililofunguliwa kidogo. Mashine ya presha hutoa msukumo unaozidi baa 100, wakati tairi la gari dogo hujazwa takriban baa 2 tu. Hakuna soketi ya waya inayohimili nguvu hiyo kwa karibu. Maji yenye oili yasielekezwe mtaroni. Tandaza pumba za mbao chini ya gari zinyonye mafuta, kisha uzikusanye pamoja na matambara. Kuosha magari ufukweni, kama ilivyozoeleka Kisumu kando ya Ziwa Victoria, kunapeleka oili hiyo moja kwa moja kwenye maji yenye samaki tunaowala.

Kukausha kusifanywe kwa haraka. Futa kila panapofikika, ondoa nailoni zote, puliza upepo kwenye soketi za nyaya, na uache boneti wazi juani kwa muda wa saa moja au zaidi. Rudisha waya wa chanya kwanza, kisha wa hasi. Washa injini na uisikilize kwa dakika kumi; mlio wa mkanda unaotoweka upesi na usailensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) unaopanda na kushuka kidogo si jambo la kutisha. Injini ikimisi, izime papo hapo, chomoa koili, na ukaushe mashimo ya plagi kwa upepo. Usiendeshe gari likiwa katika hali hiyo, kwani petroli isiyoungua hupita mpaka kwenye kifaa cha kusafishia moshi ndani ya ekzosi na kukiunguza.

Usipake dizeli ili injini ing'ae, maana hunasa vumbi na kudhuru mpira. Plastiki pekee ndizo zipakwe dawa ya kung'arisha isiyo na mafuta, na isiguse mkanda wa injini, maana mkanda huo unaweza kuteleza. Baada ya siku tatu au nne za safari za kawaida, fungua boneti tena ukiwa na zile picha ulizopiga: oili yoyote mpya itaonekana wazi mahali inapoanzia, nawe utaweza kumwonyesha fundi gasketi inayohitaji kubadilishwa.